Moduli ya Matangi

Ofisini walimwita Kufuli, na jina lenyewe alilipenda. Yeye na mdogo wake wa kike walikuwa wakiandika programu ya kuendesha pampu za maji ya mji, kwa lugha ambayo kila kitu ni fomula: ukiipa kile kile itakujibu kile kile, haina kigeugeu. Hawakuiandika kama gunia moja. Waliikata vipande, wakaviita moduli, kila kipande kikapikwa peke yake hadi mashine ikakielewa. Kati ya kipande na kipande palikuwa na mkataba wa mistari michache: hiki natoa, hiki napokea. Cha ndani hakikuhusu.

Kufuli ndiye aliyewafundisha wote hivyo. Moduli ya matangi ilikuwa yake, na kwenye mkataba wake alitoa kitu kimoja tu: kina cha maji.

Asubuhi moja mdogo wake akamsogezea kiti.

"Kaka, naomba moduli yako initolee na saa kipimo kilipochukuliwa. Moduli yangu ya kengele ya hatari inalia kwa kipimo cha jana."

"Haimo kwenye mkataba."

"Najua haimo. Iongeze."

"Leo saa, kesho utataka ufunguo wa chumba changu cha kulala."

"Wa nini? Wifi mwenyewe miaka yote hii bado anabisha hodi!"

Ofisi nzima ikaangua kicheko. Yeye akaendelea, sasa kwa upole: "Mficha uchi hazai, kaka. Ni mstari mmoja tu."

Angesema "haya", yangeishia hapo. Lakini kile kicheko kilikuwa kimeshamchoma. Akavaa koti lake. "Basi endesheni pampu zenu bila mimi."

Nyumbani akakaa na simu mapajani.

"Hawajapiga?" mkewe akauliza.

"Watapiga. Ile moduli ndiyo mguu wa meza."

Kila alfajiri alikwenda jikoni, akafungua bomba, akasikiliza. Maji yalitoka. Yalitoka kwa nguvu kuliko zamani, na yeye akalifunga bomba polepole, mkewe asisikie.

Jumapili moja mdogo wake akaja kumsalimia. Walikunywa chai, wakazungukazunguka kwa maneno, mwisho Kufuli akauliza habari za pampu, macho kwenye kikombe.

"Tuliandika moduli nyingine ya matangi," mdogo wake akasema. "Tulifuata mkataba wako, tukaongeza mstari mmoja. Tukapika. Nyingine hatukuzigusa hata herufi. Uligawa vizuri mno, kaka."

Alikuwa anamsifu, kweli kabisa, na sifa ile ikamwingia kama mwiba. Alitaka kusema, nilikosea, nirudi?

"Vizuri," akasema.

Akamsindikiza hadi nje. Mdogo wake akainama kufunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimeshafungwa, akachelewa pale chini, akimpa nafasi. Kufuli akakohoa.

"Watoto hawajambo?"