Sahihi ya Asteria kwenye Ndoo ya Losheni

Asteria alikuwa na sahihi nzuri. Herufi ya kwanza ilikuwa na mkia mrefu uliozunguka ukarudi kulipigia mstari jina zima. Katika kiwanda kidogo cha losheni pale Shinyanga, mkia huo ndio uliofungua lango. Ndoo haikwenda Ushirombo wala Geita mpaka Asteria asaini kwamba haina vijidudu.

Zamani alipaka losheni kwenye sahani zenye chakula cha bakteria, akangoja siku tano. Mwaka huu kiwanda kilinunua mashine. Sampuli inalazwa usiku kucha kwenye joto, asubuhi inadondoshewa kimeng'enya kilekile kinachomfanya kimulimuli awake. Bakteria hai wakiwemo, sampuli inatoa mwanga na mashine inauhesabu. Ikisoma sifuri, mzigo unaondoka.

Lakini mashine ilijua usafi wa leo tu. Haikujua kama dawa ya kuhifadhi iliyomo kwenye losheni ingeweza kuua uchafu wa kesho. Ili kulijua hilo, unaitilia losheni safi bakteria kwa makusudi, kisha unahesabu siku ya saba, ya kumi na nne, na ya ishirini na nane. Dawa yenye nguvu inawaua. Dawa hafifu inawalea.

Na Marcel, meneja, alikuwa ameipunguza dawa hiyo nusu kwa sababu imepanda bei. Asteria akaanza jaribio lake kimyakimya, akiandika kila hesabu kwenye daftari. Siku ya saba bakteria walipungua. Siku ya kumi na nne walikuwa wengi kuliko aliowatia. Sahani zilikuwa za kijani, zikitoa harufu tamu kama ya matunda yaliyochacha.

Akampelekea Marcel daftari.

"Mashine inasemaje?"

"Sifuri. Ila mashine haiwezi..."

"Sifuri. Kati yako na mashine, nani kanigharimu zaidi?"

"Meneja, hizi ni ndoo za lita ishirini. Kule Rwamgasa zinauzwa kwa kuchota. Kijiko kimelowa maji ya dimbwi, mkono una tope, mwezi mzima."

"Hiyo ni tabia yao. Unataka tuwafundishe na kuoga?" Akamsogezea kalamu. "Mkataba wako unaisha mwisho wa mwezi. Wenye diploma ya maabara wamejaa stendi, wanauza vocha."

Asteria akasaini. Mkia ukazunguka vizuri kama siku zote.

Jioni akampigia dada yake, Scolastika, aliyeuza losheni ya kuchota pale Rwamgasa, jirani na karasha zinazosaga mawe ya dhahabu. Ada yote ya chuo cha Asteria ilitoka kwenye kijiko cha Scolastika.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, daktari wangu wa vijidudu."

"Ndoo za wiki hii, usichovye kijiko kilicholowa."

"Kwani zina ubaya?"

Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Asteria akalimeza. "Hapana. Usafi tu."

"Umesaini wewe?"

"Nimesaini."

"Basi. Nikiuona huo mkia wako, nalala usingizi."

Wiki tatu baadaye mchimbaji aliyeungua mkono kwa mashine ya kuvuta maji, Makoye, aliamka kidonda chake kinatoa usaha wa kijani. Wakafuata watoto wawili, vichwa vimejaa majipu. Wote walikuwa wamepakwa losheni ya Scolastika. Watu wakaanza kusema ametia ndagu kwenye ndoo, anatafuta utajiri kwa uchawi. Sungusungu wakaitisha kikao. Scolastika akamwita mdogo wake aje awe shahidi, na Asteria akaja na daftari kwenye mkoba. Siku ishirini na nane zilikuwa zimetimia, na hesabu ya mwisho ilikuwa mbaya kuliko zote. Mkataba wake mpya, wa miaka miwili, ulikuwa umesainiwa Jumatatu.

"Umeweka nini humu?" aliuliza Bartholomeo, mwenyekiti wa sungusungu.

"Sijaweka kitu, baba." Macho ya Scolastika yalikuwa mekundu kwa vumbi la karasha, jicho la kulia kuliko la kushoto.

"Anataka kujenga ghorofa kwa majipu ya wanetu," alisema mwanamke mmoja nyuma, na watu wakacheka.

Scolastika aliibandua karatasi iliyokuwa kwenye mfuniko wa ndoo, akaiinua. "Aliyepima ni huyu hapa, mdogo wangu. Asteria, waambie."

"Sahihi ni yako, binti?"

"Ni yangu."

"Losheni ilikuwa safi?"

Mkoba ulikuwa kwapani. Kufungua zipu tu, dada yake angekuwa huru.

"Mashine ilisoma sifuri," alisema Asteria.

Ilikuwa kweli tupu, na hakuna uongo uliowahi kufanya kazi chafu kuliko kweli hiyo. Scolastika alitikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyekwisha kushinda. Akazamisha mkono kwenye ndoo, akajipaka shingoni, mashavuni, juu ya kope, polepole, ili hata wa nyuma waone.

"Kama nimeweka ubaya, uanze na mimi."

Asteria aliiona losheni ikiingia kwenye jicho la kulia. Akaubana mkoba kwapani.

Kikao kikampa Scolastika siku saba. Uso ukibaki salama, yamekwisha. Siku ya pili jicho lilifumba. Siku ya tatu wakasema ndagu imemrudia mwenyewe, wakamtenga. Hakuna aliyeitikia salamu yake, wala aliyemuuzia chumvi wala kumpa moto. Hakuna bodaboda aliyekubali kumbeba. Siku ya tano alipofika hospitali Geita kwa miguu, akijishika ukutani, kioo cha jicho kilikuwa kimeyeyuka. Madaktari wakalitoa jicho.

Asteria aliijua ile harufu tamu tangu mlangoni mwa wodi.

"Daktari anasema kidudu kimetoka kwenye losheni," alisema Scolastika. "Ulikuwa unajua?"

"Tangu siku ya kumi na nne."

"Imeandikwa?"

Asteria akampa daftari. Scolastika alilisoma kwa jicho lililobaki, ukurasa kwa ukurasa, akizilinganisha tarehe na siku ya kusainiwa karatasi, siku ya simu, siku ya kikao. Akalirudisha, akageukia ukutani.

Kesho yake Asteria alilipeleka kwa Bartholomeo. Mzee aliuliza swali moja: "Siku ile ulikuwa nalo mkobani?" Wakamwondolea Scolastika adhabu. Kiwanda kikamfukuza Asteria kwa kutoa siri, kikasema sahihi ni yake na mashine ilisoma sifuri. Marcel bado yupo. Ndoo bado zinatoka.

Kila siku Asteria anapeleka uji wodini, anasimama miguuni mwa kitanda.

"Shikamoo, dada."

Scolastika hageuki. Uji unapoa. Jana bibi wa kitanda cha pili alichoka kusikia salamu ikianguka, akaitikia yeye.

"Marahaba, mjukuu wangu. Weka hapo, uende."