Fundi Anayezika Betri Zikiwa Zimeshiba

Saa tatu asubuhi, nyuma ya nyumba ya mkunga Bernardine hapa Sange, mashariki mwa Kongo, Apollinarie Iradukunda anafukua shimo. Anaweka jembe kando, anapiga magoti na kumalizia kwa mikono, maana kilichozikwa humu hakitaki kugongwa. Ni betri ya kilo thelathini.

Bernardine anamtazama. Amerudi juzi kutoka Burundi baada ya miezi mitatu ya ukimbizi, na tayari wajawazito wawili wamebisha hodi. Betri ikiwa imekufa, atawazalisha kwa tochi ya simu.

Apollinarie, mama wa miaka 43, ni fundi wa onduleri, kile kisanduku kinachogeuza moto wa betri kuwa umeme wa nyumbani. Kisanduku ni chepesi, mtu hukimbia nacho ndani ya kitenge. Betri ndiyo mzigo, na wezi wanaipenda, basi vita vikija watu huizika.

Ujuzi wake ulimgharimu. Kabla ya kukimbia vita mara ya kwanza, aliwaachia majirani wachaji simu siku nzima ili wawapigie ndugu zao ng'ambo ya mto Ruzizi, upande wa Burundi, kisha akaizika betri ikiwa tupu. Waliporudi, mtaa wake ulifukua betri kumi na moja. Tisa zilikuwa zimekufa, yake ikiwemo. Jirani yake Gaspard alikuwa ameweka rozari juu ya betri yake. Rozari ilitoka nzima.

Fundi aliulizauliza, akagundua kuwa zile mbili zilizopona zilizikwa zimejaa.

"Watu wanazika betri yenye iko na njaa," anasema. "Njaa njo inaiua, hapana udongo."

Tangu hapo, fununu za vita zikianza, hupita nyumba kwa nyumba akiwahimiza watu wazime taa, wajaze betri kwa jua, wachomoe nyaya, ndipo wachimbe. Wapo wanaomcheka kwamba risasi zinalia naye anawaza chaji. Mama huyu ana moyo, tuseme ukweli.

Anapangusa betri, anagusisha mita. Volti 12.4, bado ina chaji. Anaunganisha onduleri, na taa ya chumba cha kuzalishia inawaka. Bernardine anakaa chini na kulia.

Apollinarie anapanga kwenda vijiji vya Kiringye na Katogota kufundisha wengine. Lakini ukimuuliza tumaini lake, hataji kuzika hata kidogo.

"Miaka yote hii, sijaona betri yenye imekufa mu nyumba, kwa uzee tu. Miye natamani nione moja."