Hisa za Gesi

Kiarie wa mtaa wa Satellite, Nairobi, hakunywa soda. Ilimvuruga tumbo. Lakini kwenye harusi, chupa zikianza kufunguliwa, alimgusa mkewe Nyokabi kwa kiwiko: "Sikia! Hiyo ni yetu."

Alikuwa dereva wa kampuni iliyotengeneza gesi inayofanya soda itoe povu, na kwa miaka ishirini na miwili alipeleka mitungi viwandani. Kampuni ilipowauzia wafanyakazi hisa, wenzake walimcheka. Watu wananunua ploti, yeye ananunua hewa! Hakujali. Kila mwaka aliongeza kidogo. "Wenye soda wapigane wao kwa wao," alisema. "Gesi watakuja tu kuichukua kwetu."

Gawio la hisa hizo ndilo lililomsomesha binti yao wa pekee, Shiku, aliyepewa jina la nyanya yake, mama mzazi wa Kiarie, aliyeishi Limuru. Halafu Shiku, mwaka wa pili chuoni, akaacha masomo akaenda kuishi na mpenzi wake, Oduor, kule Kisumu. Kiarie alisema maneno mawili tu: "Huyo simjui." Kuanzia hapo binti hakutajwa tena katika nyumba ile, na Nyokabi, kwa kuogopa ugomvi, naye akanyamaza.

Miaka minne baadaye ini likamlaza Kiarie hospitalini. Shiku alipiga simu akilia, anataka kuja. "Usije," Nyokabi alimwambia. "Akikuona presha itampanda, atufie mkononi." Shiku akatii. Maskini Nyokabi, alidhani anamlinda mumewe.

Siku ya mwisho, nesi Nanjala akiwa anambadilishia dripu, Kiarie alimshika Nyokabi mkono. "Hisa za gesi ni za mama," alisema kwa Kiswahili. "Mwambie mama nimemngoja sana."

Nyokabi alielewa, au alidhani ameelewa. Mama mkwe alikuwa mgonjwa wa miguu, hakuweza kufika hospitali. Na hicho Kiswahili, basi, kilikuwa kwa heshima ya nesi, maana wao wawili walizungumza Kikuyu. Kwa hiyo kesi ya mirathi ilipokwisha, alienda kwa wakala wa hisa pale Hurlingham, akaweka sahihi, hisa zote zikaenda kwa mama mkwe. Mkongwe huyo aliziuza akajenga nyumba ya mawe. Nyokabi alijisifu moyoni kwamba ametimiza neno la marehemu.

Kwenye mazishi Shiku alikuwa amesimama nyuma kabisa, akaondoka kabla ya chakula. Ilipita miaka miwili kabla hajakanyaga tena Satellite. Alipokuja, alipewa chai, akaizungusha kikombeni bila kunywa.

"Mami, baba aliniachia neno lolote?"

"Hapana, mwanangu. Alitaja hisa tu." Nyokabi akamweleza, neno kwa neno, kama alivyosikia.

Shiku akaweka kikombe chini. "Alisema 'mama'? Kwa Kiswahili?"

"Eeh. Nesi alikuwa hapo."

"Mamake, shosho wa Limuru, baba alimwita maitu, kwa Kikuyu. Maisha yake yote, maitu. Mami, mimi ndiye alikuwa ananiita mama."

Sasa ndipo Nyokabi alipoikumbuka ile sauti mlangoni kila jioni, Kiarie akivua buti na kuuliza kwa Kiswahili: "Mama yuko wapi? Amekula?" Akimuulizia mtoto aliyebeba jina la mamake. Miaka minne ya kunyamaza ilikuwa imemsahaulisha kabisa. Akaona aibu kumtazama binti yake.

"Nitaenda Limuru kesho," alisema. "Nitamwambia shosho nilikosea. Nitapiga magoti, hata nyumba tutaiuza..."

"Mwache na nyumba yake. Sitaki hisa." Shiku alisukuma kikombe kando. "Alikuwa ananingoja, mami. Na siku ile uliponiambia nisije, nilikuwa nimeshakata tikiti."