Majani Juu ya Kaburi la Mama

Kazi yangu hapa Mbeya ni kukausha mimea kati ya magazeti na kuandika kibandiko cha kila mmea: jina lake, na mahali ulipoota. Basi mimi huyohuyo, niliyebandika majina ya majani ya kila mtu, sikujua jina la nyasi ambayo mama alitufungia mifagio.

Mama ameshafariki. Nyasi yenyewe niliitafuta kwetu, nje kidogo ya Ilula. Wapi! Bondeni nyanya, mlimani miti ya milingoti. Nikaja kuikuta juu ya kaburi la mama, kichaka kimoja tu, pale ambapo wakulima na ng'ombe hawafiki. Nilikaa chini nikalia, sina wa kumwambia.

Jani lake nikampelekea mtaalamu wetu ofisini. Akaligeuzageuza.

"Hii ni ya kudumu, kiangazi haifi. Nadhani ni adimu. Lakini bila ua siwezi kuapa. Niletee ikichanua."

Nikasubiri mvua. Machi nikampigia simu mama mdogo, yule aliyemfuata mama kuzaliwa, nikamwambia Jumamosi nakuja kaburini. Jamani, mdomo wangu huu! Kwetu mtoto wa mbali akisema anakuja kaburini, huandaliwa.

Nilipofika, akina mama wa kanisani walikuwa wanaosha majembe. Kaburi limeparuliwa, limebaki udongo mwekundu mtupu. Majani walishayachoma.

"Kamwene, mwanangu," mama mdogo akanisalimu, jasho linamtoka. "Tumekusafishia, usije ukaona aibu."

Hasira ilinipanda. Lakini nimkaripieje mwanamke wa umri ule, aliyeinama asubuhi nzima kwa ajili ya dada yake? Nikasema asante. Wenzake walipoondoka nikafukua kwa vidole, nikaona kipande cha mzizi, bado kibichi. Nikakifukia.

"Mama mdogo, naomba jembe lisiguse tena hapa. Liacheni kaburi liote majani."

Akanitazama. "Kaburi lenye majani ni la mtu asiye na mtoto. Watasema umemtupa mama yako."

"Waache waseme."

Mwaka huu nyasi imechanua. Mtaalamu ameipatia jina lake, refu, la kigeni, na kibandiko nimekiandika mwenyewe. Siku niliyokwenda kulikata lile ua, hakuna aliyenikaribisha hata chai. Mama mdogo alipita na jembe lake begani, akaitikia salamu yangu bila kusimama.