Wifi Yangu Juu ya Dungu

Wifi yangu anaishi Tanga, na kazi yake ni kutembeza wageni. Hawapeleki kule kunakojulikana na kila mtu. Huwatafutia sehemu zilizojificha: ufukwe mdogo nyuma ya mikoko, magofu yaliyomezwa na mizizi, kijito cha maji baridi kinachoingia baharini. Alipokuja kututembelea Ifakara, wakati mpunga unaiva, hata begi hajaliweka vizuri sebuleni kwetu mtaa wa Viwanja Sitini, akasema, "Wifi, kesho nipeleke mahali pazuri pasipojulikana."

Nilicheka kwa kukosa nguvu. Mume wangu alikuwa kazini kwenye mashamba ya miwa, na nyumbani hurudi akipata nafasi. Mimi kila siku nilikuwa naamka gizani kwenda Katindiuka kuamia ndege wasile mpunga wetu, jioni narudi sauti imekauka na mabega yanawaka moto. Mahali pazuri nilipopafikiria siku zile palikuwa kitandani.

"Nitakupeleka ninakokwenda," nilimwambia. "Sina pengine."

Tulifika shambani jua halijachomoza, umande umetulowesha hadi magotini. Dungu letu ni miti iliyofungwa kwa kamba, juu yake tumetandaza fito, kiasi cha watu wawili kukaa na kuliona shamba lote. Alipanda huku anatetemeka kwa baridi, akashika nguzo. Ukungu ulikuwa bado umelala bondeni. Jua lilianza kugusa milima ya Udzungwa, kisha likashuka taratibu hadi kwenye mpunga, ukawa wa njano kote.

"Wifi," alisema kwa sauti ya chini, "hapa unakaa kila siku na hujawahi kuniambia?"

"Nikuambie nini? Mpunga?"

Akatoa simu kupiga picha. Mimi shamba lile nilikuwa nalitazama kutwa, lakini nilichotafuta ni wapi ndege wametua.

Wakaja, kundi kubwa la kwelea kwelea. Nilivuta kamba yenye makopo ya kuwatishia, nikapiga kelele, sauti ikakatika. Wifi akaitumbukiza simu kifuani, akasimama. "Ondokeni jamani! Tafadhali!"

"Usiwaombe, wafukuze!"

Akafukuza. Ndege walipohamia shamba la jirani, alinitazama vizuri usoni. "Lala kidogo, wifi. Kamba nipe mimi."

Nilikataa. Sijawahi kumwachia mtu shamba. Nikasema nakaa tu, niegemee nguzo.

Nilipozinduka jua lilikuwa utosini na khanga yake imenifunika uso. Yeye alikuwa chini, matope hadi kwenye mapaja, anarusha madongo. Msukuma mmoja aliyekuwa anapitisha ng'ombe wake njiani alinicheka. "Mama, huyu mgeni wako ana kelele kutushinda sisi wachungaji."

Wifi alinishika mkono, akanipeleka pembeni mwa shamba. Kipande kizuri tu kilikuwa kimeliwa, masuke yamebaki makapi. Machozi yalimlengalenga.

"Huku sikuwaona mapema," alisema. Sauti ilikuwa imebaki kama upepo. "Nisamehe, wifi yangu."

Nilijitafutia hasira, sikuipata. Nilikuwa nimechoka mno, na usingizi ule ulikuwa mtamu. "Hata mimi nikiwa macho wananilia," nilimwambia. "Twende tukanawe miguu."

Jioni mume wangu alipiga simu, akataka kujua dada yake amepaonaje kwetu. Nilimpa simu wifi. Alifungua mdomo, hakikutoka kitu, akanirudishia huku anacheka bila mlio.

"Kafanya nini?" mume wangu aliuliza.

"Kaamia ndege."

"Umempeleka mgeni shambani? Kwani hakuna pa kutembea huko?"

Nilimwambia kachagua mwenyewe, nikakata. Tulikula wali, kila mtu anasinzia juu ya sahani yake.

Alfajiri nilimwacha amelala, nikaondoka peke yangu kwenda shambani. Mwili ulikuwa mzito vilevile.