Aspirini ya Marlys Iliyokataa Kuganda

Siku ya mwisho ya maabara, Marlys Haugen wa Dakota ya Kaskazini alikuwa ameinamia beseni la barafu, anaisubiri aspirini yake igande, nayo haigandi ng'o. Chupani maji matupu, maangavu kama machozi. Wenzake wameshapata unga wao, wengine washavua miwani wamekwenda kula.

Kosa alilijua. Wakati wa kusafisha unga alimimina maji mengi mno, kwa kuhofia uchafu usibaki, nao ukayeyukia humo. Ndiye Marlys huyo: hata kule duka la dawa anakofanya kazi Jumamosi, vidonge anavihesabu vitanovitano kwa kile kisu butu cha kuhesabia dawa, kisha anarudia, na wateja wamenuna mbele yake.

Kemia hii alikuwa anairudia. Mara ya kwanza alipata C, na shule ya ufamasia haimtazami mtu wa C. Leo asipotoa kitu cha kupimwa, basi tena, miaka mitatu ya sayansi imekwenda na maji.

Akakwaruza ndani ya chupa kwa kijiti cha kioo, kama walivyofundishwa, ili chembe zianze kuganda, kwii, kwii, taratibu. Nje theluji ilishuka bila haraka. Akaitazama mpaka asijue iko chupani au dirishani. Akajiona nyuma ya kaunta, koti jeupe mwilini, theluji inaingia kimya inajaa kwenye vichupa, naye anabandika majina ya wagonjwa, kimoja kimoja, na hakuna anayenuna...

"Wee Marlys! Umelala wima kama farasi?" Huyo Dewey, wa meza ya pili. Akamsogezea karatasi yake yenye unga. "Chukua nusu. Mimi ninao wa kumwaga."

"Wako ni wako."

"Kiburi hicho utakila na nini?"

"Na siagi. Niache."

Mwalimu Lindquist, mama mnene wa miwani mizito, akasikia, akaja. "Nusu ni wizi, Dewey, ujue. Chembe moja ni mbegu, nyingine huota juu yake. Sisi watu wa kemia tunaombana mbegu tangu zamani. Marlys, umenisikia?"

Alisikia. Yeye, kuomba! Akatazama saa: dakika ishirini. Akayatazama yale maji. Mwishowe akanyoosha mkono, uso kaugeuzia ukutani.

"Haya, lete. Moja tu."

"Sema tafadhali," akasema Dewey.

"Tafadhali, mjinga wewe."

Chembe ikazama polepole, ikatua. Ubavuni mwake ikaota sindano nyembamba, ikaota nyingine, zikakimbizana mpaka chupa nzima ikawa nyeupe.

Unga wenyewe ulikuwa haba. Lakini mwalimu alipouyeyusha kwa joto kupima usafi, ulikuwa safi kuliko wa Dewey. Akaandika B.

Marlys akaenda kumtafuta Dewey. Akamkuta anakula mkate wa nyama, akakaa mkabala naye, akamsogezea siagi.