Finjani Mbili na Kiti cha Shura

Mie sikusoma. Nalisema mwanzo kabisa asije mtu akadhani amenifichua. Nilitoka Unguja mdogo, nimeshikwa mkono na mama yangu, tukafikia Ibra, mwendo wa gari kutoka Maskati, kwa jamaa ambao nyumba yao ilikuwa imejaa hata kabla yetu. Skuli nilikwenda, lakini mwalimu akisema Kiarabu na mie nikisikia Kiswahili tu, na mwisho tulichokana. Nikaenda kuziba pancha kwenye kibanda cha bati kando ya barabara ya Sur. Leo nina maduka ya matairi Ibra, Sur na Nizwa, na lori la kokoto likipita mkoa wetu wa Sharkia nalijua gurudumu lake kabla sijamwona dereva. Hayo sikurithi kwa mtu.

Nilipotaka kiti cha Shura, yaani kuwa yule mtu ambaye wilaya inampigia kura akaisemee Maskati, watu walicheka. Sheria inataka cheti cha sekondari. Vizuri. Nikajiandikisha darasa la watu wazima, alasiri baada ya alasiri, ndevu zina mvi, magoti hayaingii chini ya dawati. Cheti nikakipata. Wakaacha kucheka, wakaanza kunong'ona.

Sababu yangu ilikuwa moja. Kuna vitongoji ng'ambo ya wadi, ule mto mkavu wa bondeni, na mvua ikinyesha milimani wadi linashuka na kuwakatia njia. Wanakaa siku nzima wanaiona hospitali kwa macho tu. Gari zao zilizokwama nilikuwa nazivuta mie kwa lori langu, na nilichoka kuvuta. Nilitaka daraja.

Basi nikafungua sabla yangu, ukumbi wa wageni niliojenga kwa ajili ya jambo hilo hasa, nikaweka mazulia mapya, tende, halua na mtu wa kumimina kahawa. Wakaja wengi. Siku ya tatu akaja mzee wa ukoo mkubwa kuliko koo zote za pale, na bakora yake ya kichwa cha fedha. Nilifurahi, sitaki kusema uongo. Mtu kama yule kuingia kwangu ilikuwa kama kura nimeshazipata.

Akakaa. Akala tende moja. Akapewa finjani ya kahawa, akaiweka chini, juu ya zulia, mbele ya magoti yake. Hakuigusa tena. Sabla nzima ikaigeukia finjani ile.

Kwetu mgeni asipokunywa unamhimiza. Mama yangu alikuwa akimsimamia mtu mpaka amalize. Nikamwambia kwa Kiarabu changu, kwa uso mkunjufu, "Kunywa kahawa yako, baba yangu. Kunywa, itapoa."

Mzee akanitazama kidogo. Akaiinua, akainywa kwa mkupuo mmoja, akaitikisa finjani kuonyesha basi. "Mungu akubariki," akasema. "Umenipa haja yangu mbele ya watu. Haja yangu ni ujitoe, umwachie kiti mtoto wa ndugu yangu."

Akasimama, akanishika mkono, akaondoka. Na wageni wote wakamfuata, mmoja mmoja, kama watu wanaotoka mazikoni.

Alibaki rafiki yangu, muuza majani ya mifugo ambaye duka lake limepakana na langu, mtu wa Ibra kwa baba na babu.

"Umefanya nini, we mtu?" akaniuliza.

"Nimemkaribisha kahawa."

"Umemkubalia. Mgeni akiiweka finjani chini, ana haja. Unamuuliza kwanza, haja yako nini. Ukimwambia kunywa, umeshampa kabla hujaisikia. Na akiondoka hajainywa, aibu ni ya mwenye nyumba."

"Mie ningejuaje?"

"Umekaa hapa umri wako wote."

"Umri wangu wote nimekunywa chai ya maziwa gereji. Nani alikuwa na haja na mziba pancha?"

Akaenda mlangoni kuvaa viatu vyake.

Nyumbani mke wangu alikuwa ameshapata habari; habari kama zile zinafika jikoni kabla ya mwenyewe. "Sasa wee umekosa nini?" akasema. "Mgeni anakaribishwa."

"Nimekosa kuzaliwa hapa."

"Usinililie. Hukuoa mtu wa kulia naye."

Siku mbili zilizofuata nilishauriwa na kila mwenye ulimi. Kataa, sema hukujua. Nikikataa, wilaya nzima itasema neno la Mzinjibari, ndivyo wanavyotuita sisi wa Unguja, halishikiki, na nani atampeleka Maskati mtu asiyeshikika? Nikijitoa, watasema Mzinjibari anatolewa kwa finjani moja. Na wale wa ng'ambo ya wadi wangerudi kungojea lori langu, kama kawaida.

Nilichofanya nitasema nilikifikiri mwenyewe, ingawa mke wangu anadai kilitoka jikoni kwake.

Siku ya tatu, baada ya sala ya alasiri, nikavaa kanzu nyeupe na kilemba changu kizuri, nikaenda sablani kwa yule mzee peke yangu. Palijaa. Nikasalimu, nikapewa nafasi, nikala tende moja. Finjani ilipokuja nikaiweka chini, juu ya zulia, mbele ya magoti yangu.

Vichwa vikageuka. Yule mtoto wa ndugu yake alikuwa ukutani na simu yake. Hata yeye aliinua kichwa.

Mzee hakuwa mjinga kama mie. "Haja yako nini?" akauliza.

"Haja yangu ni neno langu. Nilikupa bila kujua, na sikulikana. Sasa nimekuja kukuomba unirudishie."

"Na nikikunyima?"

"Kesho nitajitoa, kama ulivyotaka. Neno langu halivunjiki. Lakini kahawa yako nitaiacha hapo hapo ilipo, na hawa wote wamekaa wanatazama."

Mie usoni sikumpa kitu. Niliitazama ile kahawa mpaka moshi wake ukaisha. Mzee naye akaitazama, kisha akamtazama mtoto wa ndugu yake, ambaye alikuwa amesharudi kwenye simu.

"Nimepokea watu wa kila namna," akasema mwisho. "Sijapata kumwona mziba pancha akiniinua kwa jeki ndani ya nyumba yangu."

Watu wakacheka, na yeye akacheka kidogo, kwa pembe ya mdomo. "Kunywa kahawa yako," akaniambia.

Nikainywa. Ilikuwa baridi na chungu, na nikaomba ya pili.

Kiti nilikipata. Watu wa ng'ambo ya wadi walinipigia kura kwa simu zao, ndivyo kura zinavyopigwa siku hizi, wazee wakishikiwa simu na wajukuu. Maskati wanasema Kiarabu changu kina matobo. Waseme, matobo nayajua kuliko wao. Mjumbe hana tingatinga wala saruji, ana mdomo na karatasi, na mie mdomo sikuuacha nyumbani. Niliuliza habari za daraja lile kila kikao mpaka waziri akawa ananiona nasimama na kuanza kujibu kabla sijafungua kinywa. Sasa nguzo zimesimama wadini.

Majuzi, nilipotangaza kwamba nagombea tena, yule mzee alikuja kwangu. Akala tende. Akaiweka finjani chini.

"Haja yako nini, baba yangu?"

"Njia ya kutoka darajani ipite upande wa mashamba yetu."

"Huko hakuna anayekatwa na maji, baba. Hilo sikupi."

Alikaa. Nami nikakaa. Tukaulizana hali za watoto, za mitende, za joto. Kisha akasimama na bakora yake, akaaga vizuri, na kahawa akaiacha pale. Waliokuwapo hawakujua watazame wapi. Nadhani hapakuwa na mtu Ibra aliyewahi kumwacha mzee yule aondoke hajanywa kahawa.

Niliichukua mwenyewe mpaka jikoni. Mke wangu akaiona imejaa.

"Ya nani hii?"

Nikamwambia.

"Basi watu wake hawakupigii kura safari hii."

"Na wasinipigie."

Nikaimwaga, nikaisuuza finjani, nikairudisha sablani. Wageni wengine walikuwa wanavua viatu mlangoni.